Kisu cha Mjerumani: Mwongozo kwa Wenye Haraka ya Kutajirika

Hatua ya kwanza katika kutambua kisu adimu cha kukunja ni kutokiangalia kabisa. Ukikiangalia utaona kutu, mpini uliopasuka, na ncha iliyovunjwa na mtu aliyetaka kufungulia kopo la maziwa. Mambo hayo yatakukatisha tamaa mapema bila sababu. Anza na hadithi. Kisu kisicho na hadithi ni chuma tu, na chuma kina bei yake inayojulikana: kinawekwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu pamoja na ringi ya baiskeli na sufuria iliyotoboka.

Kwetu huku hadithi bora ni ya Mjerumani. Iko hivi: babu, au babu wa babu ikiwa hesabu ya miaka inagoma, alimbebea afisa wa Kijerumani mzigo, au alimpikia, au alimwonyesha njia, na siku ya kuondoka afisa akamzawadia kisu chake mwenyewe. Hadithi hii ina faida moja kubwa: mashahidi wote wawili ni marehemu. Ukivikusanya visu vyote vilivyotolewa zawadi kwa namna hii kuanzia Tanga hadi Kigoma, utajiuliza jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilipiganaje miaka minne ya Vita Kuu ya Kwanza huku likigawa visu kila kituo.

Kinachosumbua ni kwamba uongo huu una chembe ya ukweli ndani yake. Mwaka 1902, mjini Solingen, mji wa Ujerumani ambao kwa karne nyingi umekula kwa jasho la kufua panga, mikasi na visu, kilianza kutengenezwa kisu cha kukunja kilichokusudiwa kuuzwa kwenye makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Kiliitwa Okapi. Jina lenyewe lilikuwa bichi: mnyama huyo wa msitu wa Ituri alikuwa ametambulishwa kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901 tu. Wala hakuwa mnyama wa koloni lolote la Mjerumani. Makazi yake yalikuwa Kongo, na yako huko mpaka leo, ambako mwenye mali wakati ule alikuwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Lakini mfanyabiashara akishapata jina tamu haendi kuuliza mipaka.

Kisu chenyewe ukikishika utakijua. Mpini ni wa mti wa kahawia, umepinda kidogo ili ukae kiganjani, na ubavuni umepachikwa vipande vyembamba vya chuma cha kung'aa: mwezi mwandamo na nyota zake. Bapa ni refu na jembamba, la chuma kinachoingia weusi ukikata ndimu na kusahau kulifuta. Aina yenye kufuli ina kipete mgongoni. Ukikifungua, meno ya springi yanalia krr, krr, krr, na bapa halirudi ndani mpaka ukivute kile kipete. Huko Jamaika kisu hiki kilipata umaarufu mkubwa kwa sababu ya mlio huo, ambao unamaliza ubishi kabla bapa halijafika mwisho.

Basi umekipata. Kimeandikwa OKAPI, kimeandikwa GERMANY, na moyoni umeshaanza kununua mabati. Subiri kidogo. Visu hivi viliendelea kutoka Solingen baada ya Mjerumani kunyang'anywa Tanganyika, baada ya Mwingereza kuja na kufungasha, baada ya Azimio la Arusha, na hata baada ya vita vya Kagera. Ni mwaka 1988 ndipo jina na mitambo viliponunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na mpaka sasa vinatengenezwa huko. Yaani kisu chako cha enzi za Mjerumani kinaweza kuwa kimetoka kiwandani Mzee Rukhsa akiwa keshaingia Ikulu. Mjerumani ni kweli. Enzi ndizo zenye matatizo.

Habari hizi usimwambie muuzaji. Muuzaji wa meza ya mchanganyiko, mwenye rimoti zisizo na televisheni na funguo zisizo na makufuli, ana ibada yake, na adabu ni kuifuata:

“Bosi, hiki orijino. Mjerumani mwenyewe.”

“Umejuaje, kaka?”

“Si hapo pameandikwa? Soma.”

“Nimesoma. Cha mwaka gani?”

“Cha zamani.”

“Zamani ya lini?”

“Bosi wangu, zamani ile yenyewe. Leta elfu hamsini nifungue nayo siku.”

Wewe nyamaza, kigeuze kisu upande wa pili.

“Haya, lete kumi na tano. Wewe mteja wangu.”

Hujawahi kumwona. Lakini andika pembeni kwamba ndani ya dakika moja, bila wewe kutamka neno, kitu cha Kaiza kimepoteza zaidi ya theluthi mbili ya thamani yake. Hakuna mtaalamu wa mnada London angeweza kukupa tathmini ya haraka kiasi hicho.

Wapo watu wagumu ambao hadithi haiwatoshi. Wanataka kuangalia. Kwao hao kuna mahali pamoja tu pa kutazama, napo ni padogo kuliko ukucha wa kidole kidogo: lile shina la bapa, sehemu nene isiyo na makali inayoingia ndani ya mpini. Hapo ndipo kiwanda kinapogonga jina lake. Mkusanyaji halisi akipewa kisu hausifii mpini wala hajaribu makali. Anakifungua, anakielekeza kwenye mwanga, anasoma shina kwa lenzi, na mara nyingi anakirudisha bila kusema kitu. Ukimya huo ndio jibu.

Maandishi hayo yana tarehe ndani yake hata pale ambapo hapana tarehe. Mwaka 1887 Waingereza walitunga sheria ya alama za bidhaa, mojawapo ya sababu ikiwa visu vya Solingen vilivyokuwa vikiingia sokoni vimegongwa mihuri ya kuigiza Sheffield, mji wa visu wa Uingereza. Wakalazimisha bidhaa za kigeni zijitaje zilikotoka, wakitumaini jina la Ujerumani litawafukuza wateja. Wateja wakalizoea, wakalipenda, na leo ndilo linalomfanya yule kaka wa mezani aanzie hamsini. Wamarekani nao, kwa sheria ya ushuru ya 1890 inayojulikana kwa jina la McKinley, wakadai kila bidhaa ya nje iandikwe jina la nchi yake. Ndiyo maana kisu cha Sheffield chenye neno ENGLAND shinani kwa kawaida ni cha baada ya hapo, na kisicho nalo kinastahili kutazamwa mara ya pili. Kilichoandikwa W. GERMANY hakihitaji hata mara ya kwanza: Ujerumani Magharibi ilizaliwa 1949, na afisa wa hadithi yako alikwishasalimu amri pamoja na mkuu wake tangu Novemba 1918.

Kwa Sheffield penyewe, omba Mungu akujalie Joseph Rodgers & Sons. Alama yao ni nyota na msalaba wa Malta, waliyopewa mwaka 1764, na kwa kuwa walikuwa mafundi wa visu wa ufalme, waligonga na herufi za aliyekuwa kwenye kiti: V.R. kwa Malkia Victoria hadi 1901, E.R. kwa Edward hadi 1910, kisha G.R. kwa George. Utaratibu mzuri sana. Fikiria kama majembe yetu yangegongwa jina la rais aliyekuwapo, jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kumwelekezea mtu lawama likikatika.

Hapa ndipo utakutana na hazina ninayoipenda kuliko zote: kisu cha Malkia Victoria kilichoandikwa STAINLESS. Chuma kisichoshika kutu kilimtoka Harry Brearley, huko huko Sheffield, mwaka 1913. Malkia alikuwa ana miaka kumi na miwili kaburini. Ndugu wa kisu hicho ni kile cha Victorinox kilichobebwa na mjomba katika Vita Kuu ya Kwanza. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, akaliita duka Victoria mwaka 1909 baada ya mama yake kufariki, na silabi “inox” ya kutangaza chuma kisichoshika kutu ikaongezwa 1921. Mjomba alikuwa mbele ya wakati wake. Na ukitaka kuwaudhi Waswisi, wakumbushe kwamba shehena ya kwanza ya visu vya askari wao ilitengenezwa Solingen, kwa sababu wakati ule nyumbani hakukuwa na kiwanda cha kuiweza kazi yote.

Wamarekani ndio waliolifikisha jambo hili kwenye kiwango cha ugonjwa. Kampuni ya W.R. Case & Sons ya Bradford, Pennsylvania, iligonga CASE TESTED XX kati ya 1920 na 1940, ikabaki CASE XX hadi 1964, ikaongeza U.S.A. mwaka 1965, halafu mwaka 1970 ikaweka nukta kumi chini ya maandishi na kuanza kupunguza nukta moja kila mwaka. Nukta sita ni 1974. Nukta moja ni 1979. Shina la pili lina namba, nazo zina kanuni: 6254 maana yake mpini wa mfupa uliochongwa mikwaruzo, ndiyo hiyo 6, mabapa mawili, umbo namba 54. Wapo watu wazima, wenye wake na mikopo ya nyumba, wanaokesha na lenzi wakihesabu nukta hizo. Angalizo kwa wenye roho nyepesi na tupa mkononi: ukifuta nukta moja umekiongezea kisu mwaka wa mbele, yaani umekifanya kichanga. Bora ubaki mwaminifu, ni nafuu.

Sasa tuje kwenye usafi, maana ndipo mali nyingi ya Afrika Mashariki inapoteketea.

Mtu akishaambiwa kwamba kisu chake huenda kina thamani, jambo la kwanza analofanya ni kukiharibu. Anachukua msasa. Msasa ukimalizika anachukua stilwaya ya kusugulia masufuria. Kisha anamsimamisha fundi wa kunoa, yule anayepita mtaani na baiskeli, akaegesha stendi mbili, akakanyaga pedali jiwe likazunguka na cheche zikaruka mpaka kwenye kanga za majirani. Fundi hana kosa. Ameambiwa anoe, ananoa, na kwa visu vya jikoni hana mpinzani. Dakika tano baadaye bapa linang'aa kama kioo cha kinyozi. Rangi ya kijivu iliyochukua miaka sitini kutanda imeondoka. Herufi za shina zimebaki nusu: JOS ROD, nyota isiyo na msalaba. Upana wa bapa umepungua kwa unene wa sarafu, na ncha, ambayo kisu kikifungwa ilitakiwa kujificha ndani ya mpini, sasa inachungulia nje na kutoboa mfuko wa suruali.

Mwenye kisu anakitazama na kusema kimekuwa kipya. Ni kweli. Ndiyo hasara yenyewe. Mnunuzi wa vitu vya kale analipia bapa lililobaki na upana wake wa kiwandani na ngozi yake ya uzee, hata kama halikati mkate. Ukiona kutu nyekundu inayotoka vumbi ukiigusa, tone la mafuta ya cherehani na kitambaa laini vinatosha, kisha uondoke mezani, ukafanye shughuli nyingine. Ila najua hutaondoka. Hakuna anayeondoka.

Upande wa pili wa uhalifu huo wako wanaozeesha. Kisu cha juzi kinalazwa kwenye siki, kinapakwa majani ya chai, kinafukiwa nyuma ya choo na chumvi kidogo, kinafukuliwa kikiwa kimepitia Vita vya Majimaji. Kazi nzuri, lakini watu hawa husahau ribiti. Tazama vichwa vya ribiti kwenye mpini: vikiwa vinametameta huku mti umeiva weusi, basi mpini una miaka mia na ribiti zina wiki mbili, na kuna mtu amekifungua kisu hicho akabadilisha kitu ndani. Tazama pia kama kutu ya bapa inafanana na ya springi. Vimekaa nyumba moja maisha yao yote. Mmoja hawezi kuwa na ukurutu mwenzake akawa na ngozi ya mtoto.

Kisha sikiliza. Kifungue polepole na kukifunga. Kisu kizima hutoa mlio mmoja mkavu, pa, bapa linapokaa mahali pake, na ukilishika na kulitikisa kushoto na kulia halichezi. Kilichochoka hufungwa kwa kuguna. Muuzaji atakuambia kulegea ni dalili ya uzee wa heshima. Mkubalie, umwambie basi na bei nayo ilegee.

Mipini ni somo refu, nami nitalipitia haraka isipokuwa pale penye jela. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi ulipopita uhai wa mnyama. Seluloidi, ile plastiki ya kale ya kuigiza kobe na lulu, huoza yenyewe na kutoa mvuke wa asidi unaoozesha hata visu vilivyolala nayo sanduku moja, kwa hiyo ikiwa unayo, itenge. Pembe ya ndovu haina vile vitundu, na ukiitazama kwenye kichwa kilichokatwa unaweza kuona mistari myembamba inayokatizana kama wavu.

Ukiiona mistari hiyo, punguza furaha. Rodgers wa Sheffield walikuwa maarufu kwa ghala lao la pembe, na katika karne ya 19 hakuna bandari ya Afrika Mashariki iliyosafirisha pembe nyingi kama Unguja. Zilishuka toka bara mabegani mwa watu, kupitia Ujiji na Tabora, hadi Bagamoyo, zikavuka maji. Huenda basi mpini ulio mkononi mwako ulikwishaondoka hapa mara moja, ukarudi na koti la mzungu. Ungedhani hiyo ni hadithi ya kupandisha bei. Inapandisha kitu kingine: biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilifungwa kwa uamuzi wa mkataba wa kimataifa wa CITES wa mwaka 1989, na sheria za wanyamapori za Tanzania ya 2009 na Kenya ya 2013 zinamtaka aliye na pembe awe na kibali chake. Maneno “lakini ni ya Malkia Victoria” hayamo kwenye orodha ya vibali. Uingereza nayo, baada ya kujitosheleza, ilipitisha sheria yake ya pembe mwaka 2018. Kwa mpini wa namna hii, mtu wa kwanza kumuuliza ni ofisa wa wanyamapori, naye usimfuate ukiwa umeandika bei.

Tumefika kwenye bei, ambako wengi walirukia tangu aya ya pili. Kanuni inayotumika mtaani ni hii: tafuta mtandaoni kisu kinachofanana na chako, chukua bei ya juu kabisa uliyoiona, izidishe kwa thamani ya dola, ongeza kidogo kwa ajili ya babu. Takwimu utakayopata ni nzuri sana na inaleta usingizi mwororo. Ina kasoro ndogo, kwamba ni bei iliyoombwa. Mtu yeyote anaweza kuomba. Kisu kinaweza kukaa miaka kikiombewa dola elfu mbili, mwenyewe akikifuta vumbi kila Jumapili. Bei inayohesabika ni ile iliyolipwa, na minada mingi huionyesha ukiwa na subira ya kutafuta vilivyokwishauzwa. Ukifika huko utaona jambo la ajabu: visu viwili vya kiwanda kimoja, mwaka mmoja, umbo moja, kimoja kimelipiwa mara kumi ya kingine. Cha bei ni kile ambacho hakuna aliyekisugua, hakuna aliyekinoa, ikiwezekana hata hakuna aliyekitumia, na kinalala kwenye kiboksi cha karatasi kilichotoka nacho dukani. Hicho kiboksi ndicho ulichowashia jiko mwaka juzi.

Ukishampata mnunuzi wa Ulaya anayeamini picha zako, usibebe kisu kwenye begi la mkononi. Uwanja wa ndege wana mthamini wao, amevaa glavu za mpira, na tathmini yake ni sifuri kwa kila kisu, hata kiwe cha Rodgers, hata kiwe cha Kaiza. Kitaingia kwenye ndoo pamoja na mikasi ya kucha na chupa za maji. Weka kwenye mzigo wa chini au kitume kwa njia halali, baada ya kuuliza sheria ya nchi kinakokwenda.

Hatua ya mwisho ni ya siri, na ndiyo inayovunjwa kuliko zote. Kabla hujajua bei halisi, usiseme nyumbani. Miaka arobaini kisu kimekaa kwenye droo pamoja na mishumaa na risiti za umeme, na hakuna aliyewahi kukiulizia. Sema neno moja tu, “kuna mzungu anakitaka,” uone. Kesho yake baba mdogo atapiga simu kukujulia hali. Shangazi wa Morogoro atakumbuka kwamba marehemu alimtamkia yeye, kwa mdomo wake, mbele ya mtu ambaye naye ameshafariki. Mjomba ataleta hoja kwamba kisu kilitoka upande wa bibi, na kwa hiyo Mjerumani alikuwa wa ukoo wao. Kikao kitaitishwa, mbuzi atanunuliwa, nauli za wanaotoka mbali zitalipwa na wewe kwa kuwa ndiwe mwenye mzungu, na itaamuliwa kwa kauli moja kwamba kisu kisiuzwe, kikae kwa baba mkubwa. Naye, kabla wageni hawajatawanyika, atakuwa amekichukua akamchunie yule mbuzi.